Uzi: Kupanda milima ya Mahé, Shelisheli. Njia za hifadhi ya Morne Seychellois, na magofu ya Mission yanayotuhusu sisi wa Pwani

FundiMwambao (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Nimesoma safari za watu humu kwa miaka bila kuchangia, leo nalipa deni.

Nipo Mahé, Shelisheli, mwaka wa tatu sasa, kwa mkataba wa ufundi umeme. Mapumziko yangu ni Jumapili tu, na Jumapili nyingi nimezimalizia mlimani. Nikirudi Tanga kila mtu ananiuliza fukwe. Fukwe zipo, nzuri kweli, ila anayekuja huku akaishia mchangani ameona upindo wa kanga, kanga yenyewe hajaikunjua. Mahé ina urefu wa kama kilomita 27 na upana wa kilomita 8 hivi, na katikati yote ni mlima. Ukitoka sokoni Victoria ukainua macho, ukuta wa mawe umekusimamia juu ya kichwa.

Hifadhi inaitwa Morne Seychellois. Ilitangazwa mwaka 1979 na imechukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya kisiwa kizima. Kilele chenye jina hilo kina mita 905, ndicho kirefu kuliko vyote nchini. Mawe yake ni matale ya zamani sana, yana umri wa miaka milioni 750 hivi. Visiwa vingi vya katikati ya bahari ni matumbawe au volkano. Hivi ni kipande cha bara kilichobaki baharini pale India na Madagaska zilipoachana. Ukishika mwamba wa huku umeshika bara la kale.

Njia zenyewe, kwa ninavyozijua kwa miguu yangu:

Copolia ndiyo ya kuanzia. Unapanda basi Victoria linalokwenda Sans Souci, unashuka kwenye kibao, kuna kibanda cha tiketi. Ni kama kilomita moja na nusu kwenda juu, saa moja kwa mtu wa kawaida. Unapita chini ya midalasini, mizizi imetandaa njiani kama kamba za jahazi, kisha ghafla msitu unaisha na uko juu ya uwanja wa mwamba mtupu. Wenyewe wanauita glasi. Chini yako Victoria yote, bandari, na visiwa vya Sainte Anne vimekaa kama mayai kwenye kiota.

Hapo juu ndipo penye kitu kilichonifanya nianze kurudi kila wiki. Kwenye nyufa za mwamba kunaota mmea unaokula wadudu, Nepenthes pervillei, ambao duniani kote uko Mahé na kisiwa jirani cha Silhouette peke yake. Ncha ya jani inarefuka ikawa uzi, na uzi unaishia kwenye kikombe chenye kifuniko. Mara ya kwanza nilipiga magoti nikachungulia kimoja kisichozidi kidole changu cha kati. Ukingo wake mwekundu uliochakaa kidogo, unang'aa kama umepakwa samli. Ndani maji ya rangi ya chai, na sisimizi watatu, wawili wameshazama, wa tatu anajaribu kupanda ukutani, anateleza, anajaribu tena. Nilikaa pale hadi jua likanichoma shingo. Mwamba ule hauna udongo wa kumlisha mtu wala mti, mmea umejitafutia riziki kwa njia hiyo.

Naendelea jioni. Karibuni kwa maswali.

KaskaziKusi

Mkuu hongera kwa uzi. Ila mita 905? Mimi ni mtu wa Lushoto, pale mjini kwetu tumeshazipita mita elfu moja kabla hata hujaanza kupanda. Kuna ugumu gani hasa?

FundiMwambao

Swali la haki, kaka, nami nililiuliza. Usambara nimeipanda tangu nikiwa mtoto, nikaja huku nikijiona mjuzi. Tofauti ni tatu.

Kwanza unaanzia usawa wa bahari au juu yake kidogo, joto lile la pwani, na ndani ya msitu upepo haupo. Shati linalowa ndani ya robo saa. Pili ni mwamba wenyewe. Ukiwa mkavu unashika kiatu kama msasa. Ukinyeshewa, ukaota ule ukoko wa kijani, ni sabuni. Tatu ni mawingu. Bahari iko pande zote, unyevu hauna pa kwenda ila kupanda mlima, kwa hiyo asubuhi nyeupe kabisa inaweza kufungwa na ukungu saa saba mchana bila hata kukupa hodi.

Nieleze kilichonikuta Morne Blanc. Hicho ni kilele cha mita 667, njia inaanzia karibu na kiwanda cha chai kwenye barabara ya Sans Souci kwenda Port Glaud, unapita katikati ya michai ya zamani iliyoachwa ikawa miti. Ni kupanda tu, hakuna tambarare. Juu unatokea kwenye ukingo wa jabali na pwani yote ya magharibi iko chini ya viatu vyako: Port Glaud, kisiwa cha Thérèse, kisiwa cha Conception. Mimi na mwenzangu wa kazini tulianza saa tisa alasiri kwa sababu tulilala sana. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Kosa la pili tuliona wingu limekaa juu ya kilele tukasema litaondoka.

Halikuondoka. Mvua ilitukuta tukiwa juu, na wakati wa kushuka nilikanyaga mzizi ulioloa nikatua kwa upande wa mguu. Kifundo kilivimba nikiwa bado nimekaa chini. Njia ya dakika arobaini tuliishuka kwa saa tatu, mimi nimemshika mwenzangu bega, mkono wa pili nashika shina hadi shina. Hapa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeshaingia, na chini ya miti giza linawahi zaidi. Taa tulikuwa na simu moja yenye chaji ya kukadiria. Tulipofika barabarani mwenzangu alikaa kwenye lami akalia. Mtu mzima, baba wa watoto wawili. Sijamsahau alivyonibeba.

Tangu siku hiyo saa moja asubuhi niko njiani, na saa sita nimeshashuka.

BintiMakunduchi

Shikamoo wakubwa wote humu. Mimi nasoma nikiwa Unguja. Nimefurahi kuona jina la Shelisheli, kwetu tunalijua kwa tunda. Mashelisheli ya kuchemsha na chai ya asubuhi, au yale ya nazi. Je, kweli tunda letu limetoka huko? Na huko wanalila?

Pia nauliza kama mwanamke anaweza kupanda peke yake, na nyoka wapo?

FundiMwambao

Marahaba binti. Wanalila sana! Wao wanaliita friyapen, wanalikaanga likawa chipsi, wanalipika kwa tui la nazi na sukari wakaliita ladob. Asili ya mti ni mbali zaidi, visiwa vya Pasifiki, ila kwetu jina limebaki la visiwa hivi. Kwa hiyo kwa Kiswahili neno moja, mshelisheli, ni mti na ni raia wa huku. Nilimweleza msimamizi wangu wa kazi, mwenyeji, akasema kwao kuna imani kwamba mgeni akila friyapen lazima atarudi. Basi sisi wa Pwani tumeshafungwa tangu utotoni.

Nyoka wapo wachache na hawana sumu ya kumdhuru mtu. Malaria hakuna. Cha kuogopa ni nyigu wa njano: wanajenga viota vidogo chini ya majani, usawa wa mkono au wa uso, ukisukuma tawi bila kuangalia unawaamsha. Na tandu, wakubwa, wanapenda chini ya mawe na magogo. Usiingize mkono mahali usipopaona.

Kuhusu kwenda peke yako: siogopi watu wa huku kwa ajili yako, naogopa mguu kama wangu. Nenda na mwenzio, mwanamke au mwanamume, na mwambie mtu aliyebaki chini umekwenda njia ipi na utarudi saa ngapi.

ZulmatiYaMsitu

Mimi nilisomea misitu, niongeze kidogo kwenye hayo ya midalasini, maana mgeni anaweza kudhani anatembea katika msitu wa asili.

Mdalasini hauna kwao pale. Wafaransa walianzisha bustani ya viungo Anse Royale mwaka 1772, ndege wakala mbegu wakazisambaza milimani, na baada ya miti mikubwa ya asili kukatwa kwa mbao mdalasini ukachukua nafasi. Ukitaka msitu wa zamani unapaswa kupanda juu zaidi, au kutafuta kingo za mwamba ambako huo mdalasini wa kigeni umeshindwa kuota. Huko ndiko kuna michikichi ya kienyeji, mkapusini, na ule mti unaoitwa mti wa kiwavi-bahari, Medusagyne, ambao wataalamu walikuwa wameshauhesabu kuwa umetoweka hadi ulipoonekana tena miaka ya 1970. Idadi yake ni ndogo mno. Mtu akiacha njia kwa ajili ya picha anaweza kukanyaga mche ambao hauna ndugu.

Na kuna chura. Tafadhali FundiMwambao, umewahi kumsikia?

FundiMwambao

Nimemsikia mara nyingi kabla ya kumwona, mkuu. Sauti kali nyembamba, kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa kidogo tu. Nilidhani ni mdudu. Siku moja kwenye njia ya Trois Frères mwongozaji mmoja alinionyesha: amekaa juu ya jani lililoanguka, wa kahawia, mdogo kuliko ukucha wa kidole changu kidogo. Nilishika pumzi nisimpulize. Aliniambia hawa hawapitii hali ya kiluwiluwi majini, yai linatagwa ardhini na anatoka chura kamili.

ZulmatiYaMsitu

Huyo ndiye. Sechellophryne gardineri, mkubwa wao anafika milimita 11 tu. Na hana sikio la kati kama letu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mdomo wake ndio unaokuza sauti na kuipeleka kwenye sikio la ndani. Chura anayesikia kwa mdomo, na yuko kwenye kilima ambacho mtu anakipita akikimbilia picha ya kileleni.

Mwana wa Kengeleni

Nafuatilia kutoka Mombasa. FundiMwambao, kichwa cha uzi kimetaja magofu ya Mission kwamba yanatuhusu. Bado hujayagusa. Tunasubiri.

FundiMwambao

Nilikuwa nayaacha ya mwisho kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike, na sikutaka yapite haraka.

Kwenye barabara hiyo hiyo ya Sans Souci, juu kabisa karibu na inapoanza kuteremka kwenda magharibi, kuna kibao kimeandikwa Mission Lodge. Watalii wengi wanasimama dakika kumi, wanakwenda hadi kwenye banda la kutazamia lililojengwa wakati Malkia Elizabeth alipokuja mwaka 1972 kufungua uwanja wa ndege, wanapiga picha ya milima, wanaondoka. Kabla ya kufika kwenye banda wamepita kuta.

Kuta hizo ni fupi, za mawe, zimevaa kuvu. Zamani palikuwa Venn's Town, shule iliyoanzishwa mwaka 1876 na Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, kwa ajili ya watoto wa Kiafrika waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikidoria bahari yetu, zikikamata jahazi zinawashusha watu mahali: wengine Aden, wengine Bombay, na zaidi ya 2,000 walishushwa hapa Mahé katika miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870. Walikuwa watu wa bara letu, wengi kutoka njia za kuelekea Ziwa Nyasa, waliopitishwa Kilwa na Unguja. Walioitwa huru waligawiwa kwa wenye mashamba kufanya kazi za miaka. Baadhi ya watoto wakapandishwa huku mlimani wakasome na kulima. Shule ilifungwa mwaka 1889.

Mara ya kwanza nilifika bila kujua lolote. Nilikuwa nimetoka Copolia, nangoja basi, mvua ikaanza nikaingia chini ya miti mikubwa iliyopangwa mistari miwili. Nikasoma bango. Nikasoma tena. Pale mlimani kuna baridi, wakuu, ukungu unaingia hadi kwenye kola. Nikamfikiria mtoto aliyezaliwa kwenye joto la Nyasa, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa kwenye tumbo la jahazi, akashushwa kwenye kisiwa ambacho hajawahi kusikia jina lake, kisha akapandishwa juu ya wingu. Na kutoka pale kwenye kuta hakuna upande unaoonyesha bara. Ni msitu, kisha bahari, kisha mwisho wa macho.

Niliweka mkono kwenye ukuta. Jiwe la kwenye kona lina alama za tindo bado, mistari mitano au sita ya sambamba, kuvu imejaa ndani yake. Mimi ni fundi, najua mkono wa mtu aliyechonga kwa subira. Sijui nilikaa muda gani, basi lilipita nikaliacha.

Tangu siku hiyo siwezi kumpeleka mtu wa kwetu Copolia bila kumfikisha Mission.

Mwana wa Kengeleni

Ndugu yangu, umenigusa mahali pangu. Jina langu humu nimelitoa kwenye kengele ya Freretown, hapa Nyali. Ni chama hicho hicho cha Church Missionary Society, mwaka 1875, mwaka mmoja tu kabla ya hiyo shule ya mlimani. Watu walioshushwa kwenye majahazi waliletwa hapa, na kengele ilikuwa ya kuwaonya watumwa wakija kuwindwa tena. Mabasi yanapita pale kila siku na makanga wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" na wachache wanajua. Bibi yangu mzaa mama ni wa ukoo wa hao walioshushwa. Alikuwa akisema wenzao wengine walichukuliwa "visiwani" na hakuna aliyejua visiwa gani. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Nikija, nitahitaji nini?

MtoNailo

Salaam kutoka Kampala. Kiswahili changu si cha pwani, mnivumilie. Sisi pia visiwa hivyo tuna hesabu navyo. Wafalme wetu, Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, walikamatwa mwaka 1899 wakapelekwa uhamishoni huko huko Mahé. Mwanga alifia huko mwaka 1903, mwili wake ukarudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 akafia Jinja, hakufika Bunyoro. Nikitazama picha za milima hiyo nafikiria wale wazee wawili waliotazama ukungu huo huo.

BintiMakunduchi

Na Sayyid Khalid bin Barghash wetu wa Unguja naye alipitia uhamishoni Shelisheli, kabla ya kufia Mombasa mwaka 1927. Babu alikuwa akitusimulia vita vyake na Waingereza vya 1896 na kuishia hapo, hakutwambia mengine.

FundiMwambao

Asanteni sana. Haya yenu sikuyajua yote, na ninaishi hapa.

Mwana wa Kengeleni, nikujibu. Viza huhitaji kwa pasipoti ya Kenya, ila unaomba kibali cha kuingia kwa mtandao kabla ya kusafiri, uwe na tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na pesa za matumizi. Kutoka Kenya beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi Mahé. Saa za huku ziko mbele yetu kwa saa moja.

Msimu: kusi ndiyo nzuri kwa mlima, Mei hadi Septemba. Kaskazi inaleta mvua, Desemba na Januari ndiyo zaidi. Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha udongo kaskazini mwa kisiwa na watu walifariki, kwa hiyo wakisema njia imefungwa, imefungwa.

Beba viatu vyenye meno, si raba za kutembelea mjini. Koti jepesi la mvua. Maji lita mbili, hata Copolia. Taa ya kichwani hata kama unaanza asubuhi, mimi nimeshawaambia kwa nini. Hema liache nyumbani, kupiga kambi hakuruhusiwi.

Kilele chenyewe cha mita 905 usikiendee bila mwenyeji. Hakuna njia iliyotunzwa, ni siku nzima ya kupenya, na alama ukizipoteza kwenye ukungu huna pa kushika. Mimi nilikwenda mara moja na mwongozaji. Robo tatu ya safari akasimama, akanusa hewa, akasema tunarudi. Tukarudi. Saa moja baadaye mvua ikamwagika.

KaskaziKusi

Mkuu, nifute lile swali langu la mita. Nimeelewa.

Mwana wa Kengeleni

Nimepata ruhusa kazini, wiki ya pili ya Julai. Bibi yupo hai, ana miaka themanini na kitu, nimemsomea ujumbe wako wa Mission kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama huko juu kuna mti wa kivuli. Nikamwambia umeandika ipo, mistari miwili. Akasema basi walikuwa na pa kukaa.

Ameniomba nimpelekee picha ya ule ukuta wenye alama za tindo, si ya milima.

FundiMwambao

Mfikishie bibi shikamoo yangu.

Jumapili ya wiki hiyo, kituo cha mabasi Victoria, saa moja asubuhi kwa saa za hapa. Nitakuwa na kofia ya kazini ya njano. Tutaanza na Mission kabla watalii hawajafika, wakati huo ukungu bado haujapanda na alama zile zinaonekana vizuri kwa jua la ubavu. Copolia tutapanda tukitoka hapo.